Maswali na Majibu: Maneno ya Idadi na ya Uainishaji katika Kiingereza

Kitabu cha zamani kilichochapishwa Uingereza kinasema kwamba "billion" ni milioni mara milioni. Je, hilo ni kosa la uchapaji?

Si kosa. Kwa muda mrefu Waingereza walilitumia neno hilo kwa maana ya 1 yenye sifuri 12, ilhali Wamarekani walikusudia 1 yenye sifuri 9, hadi mwaka 1974 ambapo Waziri Mkuu Harold Wilson alilijulisha Bunge kwamba serikali yake ingefuata maana ya Kimarekani. Mtego haujaondoka kwa mfasiri, kwa sababu "billion" ya Kifaransa ingali na sifuri zake 12, na kile tunachokiita bilioni wao hukiita "milliard". Kwa hiyo tazama kwanza nchi na mwaka wa chapa. Ukibaki na shaka, andika tarakimu zote.

Kwa nini husemwa "two dozen eggs" bila s, lakini "dozens of eggs" ina s?

Neno la idadi likitanguliwa na namba mahususi halichukui s: "two dozen", "three hundred", "five million". Likitaja wingi usiohesabiwa, huchukua s na kufuatwa na "of". Nashangaa kwamba kanuni hii hutusumbua, maana sisi wenyewe husema mia tatu lakini mamia ya watu, milioni tano lakini mamilioni ya watu. "Score", yaani ishirini, hufuata mkondo huohuo: "four score and seven years" katika hotuba ya Rais Abraham Lincoln wa Marekani, mwaka 1863, ni miaka 87, hesabu inayoturudisha hadi 1776, mwaka Marekani ilipotangaza uhuru.

Je, umoja wa "species" ni "specie"?

Hapana. "Species", yaani spishi au aina ya kiumbe, ni umoja na pia ni wingi, na "specie" ni neno jingine lenye maana ya fedha za sarafu, si noti. Ngazi iliyo juu ya spishi ni "genus", yaani jenasi, ambayo wingi wake ni "genera". Simba, Panthera leo, na chui, Panthera pardus, ni spishi mbili za jenasi moja. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa herufi ndogo.

"These kind of books" ni sahihi?

Katika mazungumzo utaisikia sana, lakini katika maandishi rasmi andika "this kind of book" au "these kinds of books". "Sort" na "type" hufuata kanuni hiyohiyo.