Jibu: gharama ya kuzuia maji besimenti (chumba cha chini ya ardhi), Mikocheni, Dar es Salaam

Mkuu, umeuliza kwa nini mafundi wawili wamekupa bei tofauti za kuzuia maji besimenti yako. Bei zao zinapishana kwa sababu mmoja atapaka ndani, mwingine atachimba nje. Pima mwenyewe: chumba cha mita 5 kwa 4, kimo 2.5, kuta ni mita za mraba 45, sakafu 20, jumla 65. Saruji ya kuzuia maji hula takriban kilo 2 kwa mita ya mraba ikipakwa mikono miwili (mara mbili), yaani mifuko 6 ya kilo 25. Rangi ya mafuta usiiguse; maji yanasukuma kutoka nyuma, itabanduka tu. Plasta ya zamani ing'olewe hadi kwenye zege. Fundi asipotaja kuziba kwanza maungio ya ukuta na sakafu, mwache. Hapo ndipo panapovuja zaidi. Na kwa huko Mikocheni, maji ya ardhini yako juu, tenga pia hela ya shimo la kukusanya maji na pampu ya kuyatoa.