Re: Keratini kwenye seli za insulini, ni kosa la rangi?

Dadangu, umeuliza kama kuona keratini (protini ya nyuzi za ndani ya seli) kwenye seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, ni kosa la kupaka rangi, hapana si kosa. Visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli kwenye kongosho ambamo beta zimo, asili yake ni epitheli (tishu ya utando) kwa hivyo keratini 8 na 18 zimo, ila keratini 19 kwa mtu mzima ni ya mifereji ya kongosho, hapa Malindi nikikaa na darubini slaidi iliyopakwa rangi ya keratini 19 ikiwa safi naona mfereji umechora pete ya kahawia na kisiwa pembeni kimepauka, ndo najua niko wapi.

Lakini usiisahau aktini, protini nyingine ya nyuzi. Hiyo imetandazwa chini ya utando wa seli kama jarife, vifuko vya insulini vimezuiliwa nyuma yake, glukosi ikipanda wavu unalegea vifuko vinapita vinamwagwa kwenye damu, raha kweli kuielewa hii.

Vimentini, nayo ni protini ya nyuzi, ukiiona usikimbilie kusema ni ya beta, kisiwa kimejaa mishipa midogo ya damu na mishipa hiyo inayo vimentini. Ila kama seli zilikuzwa maabara kwa wiki kadhaa, beta za binadamu hupoteza insulini na kuanza kutoa vimentini, so paka rangi ya insulini na ya vimentini zote mbili kwenye slaidi moja.