Maswali ya wasomaji: giza la 1979 na sukari ya foleni

SWALI: Shikamoo mhariri. Bibi anasema wakati wa Vita vya Kagera hapa Mwanza ilikuwa marufuku kuonyesha mwanga usiku, hata wa kibatari. Kweli ndege itaona kibatari? Na watu wakifunika nyumba hivyo, wanapikaje? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Marahaba. Kibatari kimoja hakimsaidii rubani. Anachotafuta ni umbo: safu ya taa za barabarani, bandari, nyumba zilizofuata ukingo wa ziwa. Panda Capri Point usiku wa giza utazame karabai za wavuvi wa dagaa. Utadhani kuna mji mwingine majini. Zima theluthi yake, umbo bado lipo. Kwa hiyo mtaa mmoja ukikaidi, utii wa mitaa mingine unakuwa kazi bure.

Ziwa lenyewe, hata hivyo, halizimwi. Mbalamwezi ikitoka maji yanang'aa, nchi kavu inabaki nyeusi, na ghuba nzima inasomeka kama ramani. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ililenga ghala la mafuta Mwanza ikakosa; mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tusikimbilie kulipa giza sifa hiyo: ndege ile ilikuwa ya kasi kubwa, na kukosa shabaha ni jambo rahisi.

Kufunika kwenyewe kunataka blanketi zito au turubai, lizidi fremu kwa kiganja kila upande na lipigiliwe misumari pembeni, lisining'inie tu. Khanga haifai, iinue juani uone inavyopitisha mwanga. Wengi huziba dirisha wakasahau matofali ya matundu juu yake na upenyo kati ya ukuta na bati. Mlangoni, tundika shuka nene hatua moja ndani, ili anayeingia afunge mlango kwanza ndipo alisogeze. Kisha mmoja abaki ndani na taa, mwingine akae nje gizani dakika 20 macho yazoee, ndipo aizunguke nyumba.

Kwenye kupika ndiko kwenye hatari. Ukiziba mwanga umeziba na hewa. Jiko la mkaa chumbani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu: kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu haamki. Chakula kiive kabla jua halijazama, na jiko lilale nje, makaa yamefukiwa majivu. Hata bila bomu giza huua: Uingereza, baada ya kuzima taa Septemba 1939, vifo vya barabarani vilipanda sana, wakalazimika kupaka kingo za barabara rangi nyeupe.

SWALI: Baba mdogo anadai sukari na sabuni ziliadimika baada ya vita kwa sababu ya walanguzi tu. Ni kweli? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Walanguzi walikuwepo, ila walifuata pengo lililokwisha kuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mafuta yakapanda bei 1979, na vita vikala fedha za kigeni. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Ikapita, mkanda ukabaki. Tume ya Bei nayo ilipanga bei ya chini kuliko ile watu waliyokuwa tayari kulipa, hivyo mfuko uliotoka dukani ulikuwa na faida hata kabla haujafunguliwa. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 uliibua bidhaa zilizofichwa, lakini haukuzalisha sukari.

Mgao nao una hesabu yake. Tuseme gunia la kilo 100 linagawiwa kaya 80: kila kaya ni kilo moja na robo. Ukipima kwa kopo badala ya mizani, ukijaza kwa kichuguu gramu 50 tu za ziada, kaya tatu za mwisho zinakosa kabisa na ya nne inapata pungufu. Ongeza kaya hewa mbili kwenye daftari, na foleni inayoanza saa kumi alfajiri inakuwa na maana: wa mbele anapata kichuguu, wa nyuma anapata maelezo.