Barua kwa mwanangu: kifaru kigumu na akiba ya uzeeni

Rau, Moshi

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, baba yako naye anaendelea vizuri. Nimeusoma ujumbe wako mpaka mwisho, na nimeona nikujibu kwa barua, maana mambo haya hayatoshi kwenye simu.

Umeniuliza mawili. Kwanza, sasa umeacha kampuni na unaendesha watalii kwa gari lako mwenyewe: je, uzitoe fedha zako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uzipeleke UTT kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au kwenye hati fungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba, kwa kuwa wenzako hapo Arusha wanakwambia NSSF fedha zinalala tu? Pili, yule mgeni uliyempeleka Tarangire alibisha njia nzima kwamba kifaru cha vita cha Wajerumani, Tiger, hakuna aliyeweza kukiharibu, ukamjibu kwamba utamuuliza mama yako aliyefundisha historia. Nitaanza na la mgeni, kwa sababu nikishalijibu hilo, la fedha zako litakuwa jepesi kulieleza.

Mgeni wako ameshika nusu ya ukweli. Tiger iliyoingia vitani mwaka 1942 ilikuwa na bamba la chuma la milimita 100 mbele, uzito wa tani kama 57 na mzinga wa milimita 88. Mizinga mingi ya vifaru vya adui wakati ule ilikuwa ikiipiga uso kwa uso kutoka mbali, kombora linadunda. Lakini ubavuni chuma kilishuka hadi milimita 80, chini karibu na minyororo 60, na juu ya paa 25 tu. Kwa hiyo aliyekuwa na akili hakuifuata kwa mbele.

Warusi walikuja na fikra nyingine. T-34 yao ilikuwa na bamba la milimita 45 mbele, chini ya nusu ya lile la Tiger, ila walililaza nyuzi 60 kutoka wima. Chukua karatasi uchore: kombora linalokuja limenyooka linakutana na chuma cha milimita 90, na mara nyingi linateleza na kwenda zake. Wamarekani nao walijifunza la kwao kwa uchungu. Sherman zilikuwa zikiungua vibaya, na watu wengi wakaisingizia petroli, kumbe kilichokuwa kikiwaka zaidi ni makombora yake yenyewe yaliyopangwa ubavuni. Mwaka 1944 wakaanza kuyashusha sakafuni, ndani ya masanduku yaliyozungushiwa maji, na vifaru vilivyoungua baada ya kupigwa vikapungua sana. Kilichosaidia zaidi hapo hakikuwa unene wa chuma. Waliangalia tu kilichokuwa kikiwaua watu mle ndani.

Kuna Tiger moja ambayo nilipenda sana kuwasimulia wanafunzi wa kidato cha nne. Aprili 1943, huko Tunisia, ilipigwa na kifaru cha Waingereza aina ya Churchill, chenye mzinga mdogo kuliko wake. Kombora halikutoboa bamba. Lilijichomeka pale kichwa chenye mzinga kinapokutana na mwili wa kifaru, kichwa kikakwama, hakizunguki tena, na askari waliokuwemo wakatoka wakakiacha. Mpaka leo kipo kwenye makumbusho ya Bovington, Uingereza, na injini yake inawaka. Mzima kabisa, lakini siku ile hakikuwasaidia kitu wenyewe.

Na Tiger nyingi hazikungoja adui. Giaboksi zilielemewa na uzito, mafuta yalikwisha, matope na barafu viliganda katikati ya magurudumu, na askari wakazilipua kwa mikono yao ili zisitekwe. Ziliundwa kama 1,350 tu. T-34 ziliundwa makumi ya maelfu, na iliyoharibika ilivutwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Wewe uliyewahi kulala porini na gari lililovunjika ekseli unalielewa hili kuliko mimi.

Basi mwambie mgeni wako hivi: Tiger ilikuwa ngumu kwa mbele. Anayetaka kujua ugumu wa kifaru aulize kinapigwa na nini, kutoka upande gani, na kikikwama nani anakuja kukivuta.

Sasa tuje kwako. Wenzako wanalinganisha akiba kama mgeni alivyolinganisha vifaru, kwa unene wa bamba la mbele. Huyu anasema hati fungani zinatoa asilimia kadhaa, yule anasema vipande vya UTT, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, vimepanda. Sijasikia hata mmoja akiuliza akiba hiyo itapigwa na nini wewe ukiwa na miaka 70.

Nianze na NSSF, na hapa nitakaa kidogo. Ulipokuwa kampuni mchango ulikuwa asilimia 20 ya mshahara, kumi yako na kumi ya mwajiri. Umefanya kazi pale miaka 12, ambayo ni michango ya miezi 144. Ili upate pensheni ya kila mwezi mpaka kufa, sheria inataka miezi 180. Umebakiza miezi 36, mwanangu! Ukiishia hapo ulipo, siku ya kustaafu utapewa malipo ya mara moja, ukashikwa mkono, basi. Ukimaliza hiyo 36, unahesabiwa katika wale wanaolipwa kila mwezi, uwe na miaka 61 au 91.

Halafu hilo la kuzitoa fedha, wenzako wanakusimulia habari za zamani. Fao la kujitoa, lile la kuchukua michango yako ukiacha kazi, liliondolewa. Tangu sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira, nalo limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi, si aliyeacha mwenyewe kama wewe. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounganisha mifuko ya pensheni, PSPF yangu, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Kwa hiyo una mlango wa kuendelea kuchangia ukiwa na gari lako.

Nakuwekea hesabu ili usidhani nakushawishi kwa maneno matupu. Pensheni hukokotolewa hivi: wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora, mara miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Mtu mwenye wastani wa shilingi 800,000 na miezi 180 anapata kama 248,000 kwa mwezi, kabla hajakatiwa sehemu anayopewa kwa mkupuo. Michango yake yote, ikiwa mshahara ulikuwa huohuo muda wote, ni 160,000 mara 180, yaani milioni 28.8. Wenzako watakwambia, na ni kweli, kwamba milioni 28.8 ikiwekwa mahali penye faida ya asilimia 10 kwa mwaka inatoa 240,000 kila mwezi na mtaji unabaki palepale. Kwenye karatasi wanakaribia kuwa sawa, na wao wana mtaji mkononi. Silikatai hilo.

Ila nani alikuahidi asilimia 10 kwa miaka 25? Hati fungani ya serikali ya miaka 20 ilikuwa ikitoa riba ya asilimia 15.49. Mwaka 2022 zile mpya zikashushwa hadi 12.10. Aliyenunua mapema anaendelea kula ile ya kwanza, na nampongeza, lakini aliyestaafu mwaka uliofuata alikuta soko lingine. Na huo mtaji unaobaki mkononi ndio unaonitia hofu zaidi. Utakuwa na miaka 66, mtoto wa ndugu amekwama ada, paa la nyumba ya ukoo limeng'oka, rafiki ana dili la mahindi la wiki tatu. Fedha inayotolewa kwa kubonyeza simu itatoka. Hiyo ndiyo Sherman iliyopangwa makombora ubavuni: inaungua kwa kilichomo ndani yake. Pensheni haiwezi kutolewa yote kwa siku moja, hata ulie. Kwa mtu mwenye moyo kama wako, anayeshindwa kusema hapana, hiyo ni faida kubwa kuliko asilimia mbili tatu za riba.

NSSF nayo ina ubavu wake, na sitakuficha. Wa kwanza ni bei za vitu. Sasa hivi mfumuko wa bei nchini ni kama asilimia 3 kwa mwaka, lakini katikati ya miaka ya 1980, wewe hujazaliwa, ulipita asilimia 30, na mshahara wa mwalimu ukawa wa kununulia sabuni na kiberiti. Hata mfumuko wa asilimia 5 tu unapandisha bei mara mbili ndani ya miaka kama 14, na pensheni haipandi yenyewe kila bei inapopanda. Wa pili ni kubadilika kwa kanuni. Mimi nilistaafu kabla ya mabadiliko na nilipata nusu kwa mkupuo. Mwaka 2018 kikatangazwa kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, chenye mkupuo wa asilimia 25, watu wakalalamika nchi nzima, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisitisha. Julai 2022 ikaanza asilimia 33, na baadaye ikabadilishwa tena. Kwa hiyo usijenge nyumba kichwani kwa mkupuo ambao hujaupokea. Wa tatu ni mwajiri anayekata mshahara wako na asipeleke mchango. Mwalimu mwenzangu aliyehamia shule moja binafsi aligundua miezi mingi haipo siku alipokwenda kudai, na alihangaika sana.

Ndiyo maana nasema UTT iwepo pia, ila isichukue nafasi ya ile 36. Mfuko wa Ukwasi ni wa fedha utakazozihitaji haraka, maana ukiomba zinatoka ndani ya siku chache za kazi. Msimu wa mvua, Aprili na Mei, wageni wanapokuwa wachache, huo ndio utakaolipa marejesho ya gari bila kugusa kingine. Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, una hisa ndani yake, kwa hiyo vipande vyake hupanda na kushuka, na ni wa miaka mingi. Hapo ndipo pa kupambana na bei za vitu. Hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Nzuri sana kwa fedha ambayo una hakika hutaihitaji. Ukilazimika kuiuza kabla ya wakati na riba sokoni zimepanda, utaiuza kwa bei ya chini.

SACCOS yenu ya madereva endelea nayo kwa ajili ya mikopo. Uzeeni usiitegemee, hasa kwa kuwa umeshawadhamini watu na akiba yako imefungwa na deni la mwingine.

Viwanja navyo! Najua wewe na mkeo mmekipenda kile cha Usa River. Kinunueni mkiweza, mjenge. Lakini kumbuka mwaka 2020 watalii walipokatika: watu wa kazi yako walikuwa na viwanja na magari ya mamilioni, na hawakuwa na fedha ya dawa. Gari lililotaka kuuzwa halikupata mnunuzi, na aliyepata aliuza kwa bei ya kutupa. Mali ya kweli, ngumu, isiyosogea. Sitaki ukae hivyo ukiwa na miaka 65 na mguu unauma.

Kwa hiyo, ungeniuliza mimi ningefanyaje na mapato ya msimu huu, jibu langu ni hili. Kwanza mchango wa NSSF wa kila mwezi, bila kuruka, mpaka miezi 180 itimie. Kisha Ukwasi mpaka pawe na matumizi ya nyumba ya miezi sita. Kinachobaki ndipo ugawe kati ya Umoja na hati fungani. Kiwanja kije baada ya hapo, hata kama mkeo atanikasirikia, na umwambie nimesema mimi.

Wiki hii, kabla hujapanda na wageni wa Ngorongoro, pita ofisi ya NSSF hapo Arusha na kitambulisho chako. Omba taarifa ya michango, uisome mwezi kwa mwezi, ulinganishe na hati zako za mshahara, na usikubali kusikia "ipo tu kwenye mfumo". Kama kuna mwezi kampuni haikupeleka, dai sasa wakati bado ipo na mhasibu bado anakukumbuka. Waulize pia ukichangia kwa hiari wastani wako utakokotolewaje, maana mshahara wa kampuni na kiwango utakachojiwekea mwenyewe si kitu kimoja, na ni miaka iliyo bora inayohesabiwa. Halafu angalia majina ya wategemezi. Ulijiandikisha kabla hujaoa, na sina shaka jina lililopo ni langu. Liweke la mkeo na la watoto, na umwonyeshe mkeo namba ya uanachama ilipo.

Taarifa ikitoka, ipige picha uitume WhatsApp kwa dada yako anisomee, herufi zao ni ndogo. Nataka kuujua mwezi wa mwisho mwajiri wako aliochangia.

Mama yako