Muulize Mwalimu wa Gofu: Draiva kulia, weji kushoto, kosa ni moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye gofu, handikapu yangu, yaani mapigo ya nafuu ninayopewa, ni 24 na napiga kwa mkono wa kulia. Nikipiga draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unaanza kushoto kidogo halafu unapinda kulia mpaka unaishia mitini. Weji nazo, zile fimbo fupi za kupigia karibu, zinakwenda kushoto moja kwa moja, hazipindi kabisa. Wenzangu wananiambia fimbo yangu inatoka nje kuja ndani, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja kasema nisimame nikielekea kushoto zaidi ili mpira ukipinda urudi katikati. Mwingine kasema niilete fimbo ndani. Nimejitahidi kuivuta ndani mwezi mzima na mambo yamezidi kuharibika. Je, nina makosa mawili au moja? Nianzie wapi?
Msomaji wa Mitini

JIBU: Marahaba, dada. Una kosa moja, na umelieleza vizuri kuliko video nyingi ninazotumiwa.

Nilibeba mikoba ya wachezaji miaka sita kabla sijapata fimbo zangu mwenyewe. Mbeba mkoba husimama nyuma ya mpira, akiutazama mstari unaokwenda kwenye shabaha. Ukisimama pale siku baada ya siku, jicho linazoea kuona kitu ambacho mpigaji mwenyewe hakioni: fimbo ikishuka, kichwa chake kinatokea upande gani wa mstari ule. Upande wa miguu yako ndio ndani, ng'ambo ya mpira ndiyo nje. Fimbo yako inashukia ng'ambo, kisha inaukata mpira ikirudi upande wa miguu. Siku ukipiga fimbo ya chuma kwenye nyasi, rudi uliangalie kovu uliloacha. Bila shaka utalikuta linaelekea kushoto kwa shabaha.

Sasa, kwa nini draiva iende kulia na weji iende kushoto? Mpira hugusana na uso wa fimbo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndani ya muda huo safari yote huwa imeshaamuliwa. Zamani tulifundishwa kwamba mpira huanza kule fimbo inakoelekea. Rada za kupimia mapigo zilipoenea, ikaonekana kwamba tulikuwa tumeelewa kinyume: anayeamua mpira uanzie wapi, kwa sehemu kubwa, ni uso wa fimbo. Ni kama robo tatu ya uamuzi kwa fimbo za chuma, na zaidi ya hapo kwa draiva. Kupinda nako kunatokana na tofauti kati ya uso ulikotazama na njia fimbo iliyopita.

Chukua mfano. Njia ya fimbo yako inaelekea kushoto kwa digrii 6, na uso wa draiva unatazama kushoto kwa digrii 2. Mpira utaanza kushoto kidogo, kwa sababu ndiko uso ulikotazama, halafu utapinda kulia, kwa sababu ukiulinganisha na njia, uso ule uko wazi, yaani umegeukia kulia, kwa digrii 4. Hiyo ndiyo slaisi yako. Kwa weji, njia ni ileile ya digrii 6, ila fimbo ni fupi na uso unawahi kufunga, yaani kugeukia kushoto, kwa hiyo nao unatazama kushoto karibu sawa na njia. Mpira hauna sababu ya kupinda. Tena uso wa weji umelala sana, mpira unazunguka kwa nguvu kurudi nyuma, na mzunguko huo unazidi ule wa pembeni hata pale uso ulipokuwa wazi kidogo. Ndiyo maana weji inakuficha kosa ambalo draiva inakuonyesha.

Kuhusu dawa ya kusimama ukielekea kushoto, naomba uiache leo hii. Mabega yakielekea kushoto, fimbo huyafuata mabega. Njia inazidi kwenda kushoto, tofauti kati yake na uso inaongezeka, mpira unapinda zaidi, nawe unaelekea kushoto zaidi tena. Nimeona watu wakizunguka ndani ya duara hilo miaka kumi.

Anza na mikono. Najua umeuliza juu ya njia ya fimbo, lakini njia yako mbaya ina sababu. Mpira ukikimbia kulia kila mara, mwili unajifunza wenyewe, bila kukuuliza, kuuvuta kushoto. Ukiendelea kushika fimbo kwa namna inayoacha uso wazi, mwili hautakubali kupita ndani, maana huko unajua mpira utapotea kabisa. Mimi nilikuwa na kosa hilihili misimu miwili. Mwalimu mmoja alinifundisha kupiga kutoka ndani bila kuugusa mshiko wangu. Njia ilinyooka kweli, lakini uso ulibaki wazi, na mipira ikaanza kulia na kuzidi kwenda kulia. Haikupita wiki nikawa nimerudia kukata. Nilidhani sina kipaji. Tatizo lilikuwa mpangilio wa mafundisho, na inaniuma bado kwamba wapo wanaoacha mchezo kwa sababu hiyo.

Basi shika fimbo kwa mkono wa kushoto, itazame kutoka juu, uhesabu vifundo vya vidole unavyoviona mgongoni mwa mkono. Ukiona kimoja, au usipoona hata kimoja, geuza mkono kuelekea kulia mpaka uone viwili hadi vitatu. Ile herufi V kati ya gumba na kidole cha shahada ielekee bega la kulia, si kidevu. Mkono wa kulia nao uje kutoka ubavuni, usipande juu ya fimbo. Usikaze. Viganja vikikaza, viwiko vinakaza, na uso haupati nafasi ya kujifunga.

Piga hivyo mipira 50 kwa fimbo ya chuma namba 7, nusu ya swingi, yaani nusu ya mwendo wa kuzungusha fimbo, bila kubadilisha kingine chochote. Mingi itakwenda kushoto. Ndivyo ninavyotaka. Mwili ukiona mpira unakwenda kushoto, wenyewe utaanza kutafuta njia ya kuurudisha kulia, na njia hiyo ni kupita ndani.

Mpira uko wapi kati ya miguu? Fimbo haipiti kwenye mstari ulionyooka. Husafiri kwenye tao: inatoka ndani, inaungana na mstari kwa muda mfupi, inarudi ndani. Ukiuweka mpira mbele mno, fimbo inaukuta wakati imeshaanza kurudi kushoto, hata kama swingi yako haina ubaya. Kwa draiva, mpira uweke mkabala na upande wa ndani wa kisigino cha kushoto. Kwa namba 7 uwe karibu na katikati. Kisha lalisha fimbo kifuani, mabega yote mawili yaiguse, uone inaelekea wapi. Mkono wa kulia unashika chini ya ule wa kushoto, kwa hiyo hulivuta bega la kulia mbele bila wewe kujua. Lishushe bega hilo kidogo, na fimbo ya kifuani itanyooka.

Sasa neno "ndani", ambalo naamini ndilo lililokupotezea mwezi. Umeambiwa uilete fimbo ndani, nawe umeivuta ndani wakati inapanda. Karibu kila mtu huelewa hivyo, na si kosa lako. Fimbo ikizungushwa nyuma ya mgongo mapema, ikifika juu haina pa kwenda isipokuwa kutupwa mbele na bega la kulia, na hapo ndipo inapotokea ng'ambo ya mpira. Mtazame Jim Furyk, mchezaji wa Marekani: hupandisha fimbo nje kuliko karibu mtu yeyote, halafu ikishuka inaangukia ndani. Kwa swingi hiyo ambayo hakuna mwalimu angeifundisha, alishinda US Open ya gofu mwaka 2003, na mwaka 2016 alimaliza mzunguko mmoja wa mashimo 18 kwa mapigo 58 kwenye mashindano ya Travelers Championship. Wewe usimwige. Nataka tu uone kwamba "ndani" inayohesabika ni ile ya kushuka. Wakati wa kupanda, fimbo ikifika usawa wa kiuno, kichwa chake kiwe mbele ya mikono yako, kisiwe kimejificha nyuma yako.

Fimbo hushuka kutoka juu hadi mpirani kwa takriban robo ya sekunde. Hakuna anayeweza kujiambia "ndani, ndani" kwa muda huo akafanikiwa, ndiyo maana maneno peke yake hayatibu jambo hili. Mwili upewe picha. Picha ninayoipenda ni ya kurusha kijiwe bapa ili kirukeruke juu ya maji. Jaribu bila fimbo. Utaona unakanyaga mguu wa kushoto kwanza, kiwiko cha kulia kinapita karibu na nyonga, na mkono unafuata mwisho. Bega la kulia linabaki chini na nyuma mpaka dakika ya mwisho. Hakuna anayerusha kijiwe cha majini kwa kulitanguliza bega. Rusha mara kumi, shika fimbo, piga mpira kwa hisia hiyohiyo, polepole. Nina wanafunzi ambao hili peke yake liliwatosha.

Lisipokutosha, chukua kofia ya kufunikia kichwa cha draiva au boksi tupu, kitu laini kisichoweza kuumiza fimbo wala mkono. Kiweke ng'ambo ya mpira, kimesogea nyuma kidogo upande wa mbali na shabaha, kikiwa na nafasi ya kichwa cha fimbo tu kati yake na mpira. Ukija kutoka nje utakigonga, na mlio wake utakuambia kabla hata hujainua macho. Mguu wa kulia uvute nyuma mpaka vidole vyake vilingane na kisigino cha kushoto. Hiyo inalipa bega nafasi ya kubaki nyuma. Usipige kwa nguvu. Mipira 30 ya nusu swingi inatosha kwa siku. Ukiona hukigongi tena, rudisha mguu mahali pake taratibu, siku kwa siku.

Kuna siku, pengine ya nne au ya kumi, mpira utatoka umenyooka kabisa lakini kulia kwa shabaha, haupindi popote. Utavunjika moyo. Tafadhali usirudi nyuma siku hiyo, kwa sababu huo ndio mpira wa kwanza uliopigwa kutoka ndani. Kinachobaki ni uso kufunga kidogo tu, na mshiko ulioutengeneza mwanzoni utausaidia. Draiva iguse mwisho kabisa, baada ya namba 7 kutulia.

SWALI: Mwalimu, salaam. Nimeacha kukata mpira, rada inaonyesha njia yangu sasa iko kati ya digrii 1 na 2 tu kushoto. Lakini draiva bado inapinda kulia, tena sana. Nimekosea wapi?
Mpenda Namba

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Kabla hujagusa swingi, chukua kalamu ya ubao mweupe, chora doa nyuma ya mpira, upige. Doa litahamia kwenye uso wa draiva. Fanya hivyo mara tano, ukifuta kila mara.

Nadhani utayakuta madoa upande wa kisigino cha fimbo, yaani ule wa karibu na mpini. Mpira ukipigwa hapo, kichwa cha draiva hujipinda mkononi, na mpira hupata mzunguko wa kulia hata kama njia na uso vilikuwa sawa. Mtu aliyezoea kukata huwa bado anasukuma mikono mbele, mbali na mwili, hata baada ya njia kunyooka. Simama mbali zaidi na mpira, kwa upana wa vidole viwili tu, na kwenye zoezi jaribu kuupiga makusudi kwa ncha ya uso wa fimbo, ule upande wa mbali na mpini. Wengi wakijaribu ncha ndipo wanapopata katikati.

Digrii 1 au 2 nazo ziache zilivyo. Sijui kwa nini watu wanaiona sifuri kuwa kitu kitakatifu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 68. Mpira wangu unaanza kushoto na kurudi katikati, kila siku, kwa umbali uleule. Wajukuu wanasema swingi yangu ni ya makosa. Nibadilishe?
Babu Anayerudi Katikati

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Usibadilishe. Bruce Lietzke alishinda mashindano 13 ya PGA Tour, ligi ya gofu ya kulipwa ya Marekani, akiwa na mpira uliokuwa ukipinda kulia, naye alisifika kwa kutofanya mazoezi mengi. Aliujua mpira wake ulipo, basi. Mpira unaopinda kiasi kilekile kila siku ni mali. Kitu kimoja tu nakuomba uangalie: makovu kwenye nyasi yakianza kuwa ya kina kirefu na viganja au viwiko vikauma jioni, ina maana fimbo inashuka wima mno. Hapo sogeza mpira nyuma kidogo, upana wa mpira mmoja, na ulegeze mshiko. Wajukuu waombe wakuhesabie alama.