Paka anapiga chafya: maswali yenu ya mafua ya paka hapa Lamu

Asalam aleikum wapenzi wa paka. Tangu kusi lianze simu yangu imejaa chafya, walahi kuna mtu kanirekodia paka wake dakika nzima bila hata kusema jina lake yeye. Maswali ni mengi lakini yanajirudia, kwa hivo nimechukua machache. Na mnijue mapema, mimi si daktari, mimi ni yule anayemshika paka daktari wa mifugo akitaka kumdunga, mikono yangu ukiitazama utadhani nimepita kwenye michongoma. Penye kutaka daktari nitasema.

SWALI: Paka wangu ana siku 3 anapiga chafya, macho yana tongo, kamasi imekuwa ya kijani na hataki kula hata tasi. Ni baridi ya kusi hii ama ni nini? (Dada wa Mkomani)

Dadangu kusi linasingiziwa. Baridi na mvua zinamdhoofisha tu, mwenyewe hasa ni virusi, na mara nyingi ni mmoja kati ya wawili, hepesi ya paka au kalisi. Hepesi anapenda macho na pua, macho yanavimba yanagandana mpaka asubuhi paka hawezi kuyafungua. Kalisi anapenda mdomo, utaona vidonda kwenye ulimi na mate yanamchuruzika, na saa zingine paka anachechemea, leo mguu huu kesho ule, watu wanadhani kapigwa jiwe. Wengine wanapata vyote viwili kwa pamoja maskini. Akishaambukizwa huchukua kama siku 2 mpaka 10 kuonyesha, kisha wengi wanapona ndani ya siku 7 mpaka 10, wale wabishi wiki 3.

Sasa hilo la kula ndo muhimu kuliko chafya. Paka hali kwa macho, anakula kwa pua, pua ikiziba hata umtilie jodari wa biriani ya harusi kwake ni kama umemwekea kipande cha ubao. Kwa hivo anza na pua. Chemsha maji, jaza chupa ya soda ya mililita 300, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yakipoa chovya pamba umsafishe pua na macho, pamba moja jicho moja, usirudie ile ile. Fanya mara 3 au 4 kwa siku. Kisha mwingize chooni na ndoo ya maji ya moto, funga mlango mukae dakika 10 mpaka 15, mvuke unalainisha ile kamasi (ndoo iwe mbali naye, msije mkaungua wote wawili). Usitie Vicks wala mkaratusi wala mafuta ya karafuu kwenye hayo maji, kwa paka hivo ni sumu hata kama bibi alikuwa akitutilia sisi.

Akitoka hapo ndo umpe chakula, na kiwe cha uvuguvugu kinanukia. Yule tasi wa jana uliyemtoa kwenye friji hana harufu. Chemsha samaki, toa miiba, ponda na supu yake, lakini supu ya paka haina kitunguu wala thomu (kitunguu saumu), manake vinamvunja damu mwilini. Ikipita siku 2 hajatia kitu mdomoni usingoje tena, mpeleke. Na kama ni bonge ndo uharakishe zaidi, paka mnene asipokula siku chache mafuta yanakimbilia kwenye ini na hapo una maradhi mawili mkononi.

SWALI: Alikuwa na homa nikampa nusu Panadol nikaificha kwenye dagaa. Nimekosea? (Kijana wa Langoni)

Ndio kakangu, na kama ni leo acha kusoma hapa umbebe paka sasa hivi. Ini la paka halina uwezo wa kuichambua paracetamol kama la mtu, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na hiyo nusu pia si ya kuchezea. Dalili ni fizi zinageuka rangi ya udongo au buluu, uso na nyayo vinavimba, anahema kwa shida. Ipo dawa ya kuizuia lakini daktari aitie mapema, na umwambie kweli umempa nini na saa ngapi, usione haya.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka nyuma nilienda duka la dawa moja nikaeleza paka wangu anaumwa, nikapewa Panadol ya maji ya watoto na kijiko chake, na mimi sijui kitu nikampa jioni, asubuhi nikamkuta chini ya kitanda kafa. Aliyenipa hakuwa na ubaya, alidhani mgonjwa ni mgonjwa. Brufen, aspirini na dawa zote za maumivu za nyumbani pia muziache huko huko kabatini.

SWALI: Nina amoksilini zilobaki za mtoto na dawa ya matone ya macho ya mamangu. Nitumie? (Mama wa paka 4, Shela)

La, mamangu. Antibayotiki haiui virusi. Daktari anaitoa pale anapoona bakteria wameingia juu ya yale mafua, kamasi nzito, homa haishuki, au kifua, na mara nyingi atachagua doksisaiklini. Nayo ina adabu yake, kidonge chake ukimpa mkavu kinanasa kooni na kuunguza umio, kwa hivo kila kidonge kifuatwe na maji kidogo kwa bomba la sindano (lisilo na sindano, jamani) au kijiko cha chakula.

Hayo matone ya mama soma karatasi yake. Kama ndani kuna deksamethasoni au betamethasoni usithubutu. Hepesi inachimba vidonda kwenye jicho na dawa za aina hiyo zinavipa nguvu, paka anaweza kupofuka. Nimeona wawili, jicho jeupe kama chokaa.

SWALI: Wangu hana kamasi wala tongo ila anakohoa, anajikunyata chini ananyoosha shingo kama anataka kutapika nywele lakini hakitoki kitu. Kila Alkhamisi usiku inazidi. (Bi wa Langoni)

Hapa nimecheka kidogo, samahani bibi, lakini Alkhamisi usiku si ndo nyumba nzima inafukizwa ubani na udi? Hilo si mafua hata kidogo. Inavyosikika ni pumu ya paka, na moshi unaichokoza, uwe wa chetezo, wa jiko la mkaa, wa sigara au wa ile dawa ya mbu ya kuzunguka. Sisemi muache kufukiza, nani ataacha Lamu hii, lakini paka apelekwe darini kwanza, na chetezo isiwe kwenye chumba anacholala. Jaribu wiki 2 hivi uone kama kikohozi kinapungua. Pumu yenyewe daktari anaitibu, kuna hata dawa za kuvuta kwa kikopo na barakoa ndogo ya paka.

Lakini kuna mwengine anayefanana naye sana, nae ni minyoo ya mapafu. Minyoo hii inakaa ndani ya konokono, mjusi au panya au ndege akila konokono anaibeba, paka akimla mjusi kazi imekwisha. Na paka wetu kwa mijusi wa ukutani mnawajua. Dawa ya kawaida ya minyoo ya tumbo mara nyingi haiigusi hii, kwa hivo mwambie daktari wazi kuwa paka anawinda, achukue choo akipime.

Na wote, si bibi huyu peke yake: paka akilala hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika 1. Ikiwa kila ukihesabu inapita 30, piga simu. Akihema mdomo wazi kama mbwa, au fizi zikawa za buluu, hiyo haingoji asubuhi, hata kama ni kuamsha mwenye boti.

SWALI: Alipona kabisa, nikahamia naye Malindi, boti mpaka Mokowe kisha basi, wiki moja baadae chafya upya. Malindi kuna nini? (Kaka aliyehama)

Malindi haina kosa lolote. Hepesi ikishaingia haitoki, inajificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, paka akipata msukosuko inaamka, na virusi huanza kutoka tena kama wiki 1 baadae, hesabu yako imelingana kabisa. Safari, nyumba mpya, kuzaa, paka mgeni, hata kelele za sherehe. Ndo manake mama paka mzima anazaa, na watoto wake wiki chache baadae macho yamegandana wote, amewapa mwenyewe akiwalamba. Mpe kona tulivu, sanduku lake na lile tambara lake la zamani ambalo hujalifua, wengi hutulia wenyewe.

SWALI: Kuna chanjo? Na hawa wa barabarani wanaokuja kula kwangu je? (Mzee wa Mtamwini)

Ipo shekhe, moja inayobeba hepesi, kalisi na ile ya kuharisha damu. Ianze mtoto akiwa na wiki 6 mpaka 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kisha kabla hajapita mwaka, halafu daktari atakupangia. Haizuii kila chafya, ila akipata inakuwa nyepesi. Watu wengi wananiambia "wangu kachanjwa" kumbe ni ya kichaa cha mbwa, nayo ni lazima lakini ni nyengine.

Hawa wa barabarani usiwafukuze, kwanza hawafukuziki, na Mtume (s.a.w.) amesema ni katika wanaotuzunguka. Walishe nje ya daka kwa sahani zao na wa ndani ale yake. Chafya ya paka hufika kama mita 1 na nusu, weka masafa. Ukiokota mtoto mfungie chumba chake wiki 2, mhudumie wa mwisho, unawe. Sahani na sakafu osha kwa sabuni kwanza, kisha Jik sehemu 1 kwa maji 20, iache dakika 10, suuza. Kalisi anaweza kukaa sakafuni hata mwezi, hepesi haoni hata siku mbili. Dettol usitumie, paka anakanyaga kisha analamba nyayo na ile dawa inamdhuru, na kuichanganya na Jik ndo kabisa usifanye.

SWALI: Mpwa wangu amelala na paka mgonjwa na leo ana mafua. Kampa paka? (Shangazi)

Hepesi na kalisi za paka hazishiki watu. Iko bakteria mmoja wa macho ambaye kwa nadra anaweza kumpa mtu jicho jekundu, kwa hivo mtoto anawe mikono akimshika. Ila hayo mafua yake katoka nayo madrasa.