Mistari inayogoma kubadilika rangi

SWALI: Nimechora kwa penseli, nikapitia kwa wino, kisha nikaskani. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Nataka mistari iwe ya bluu iliyokoza na ndani nipake rangi nyingine. Amri ya Colorize (ya kuipa picha rangi moja) haigusi mistari kabisa, na nikimwaga rangi kwa ndoo unabaki uzi mweupe kando ya kila mstari. Pia nimeandika jina juu ya mchoro, lakini nikiliwekea mpaka wa kulizunguka, herufi zinakonda. Nakosea wapi?

JIBU: Matatizo mawili ya kwanza yana mzizi mmoja: mistari na karatasi yake bado viko kwenye leya moja, yaani tabaka moja la picha.

Colorize inaweka rangi uliyoichagua, ila mwanga inauacha kama ilivyoukuta kwenye picha. Nyeusi haina mwanga wowote, kwa hiyo hata ukiipa bluu inabaki nyeusi tii. Ukiupandisha mwanga kwa lazima, mistari itakubali, lakini kila kijivu kilichopo kitapauka pamoja nayo.

Kuhusu ndoo, kuza picha hadi asilimia 800 uutazame ukingo wa mstari mmoja. Nyeusi haigusani na nyeupe moja kwa moja. Katikati kuna ngazi ya pikseli (nukta zinazounda picha) za kijivu zinazolainisha ukingo. Rangi ya ndoo inasambaa kwenye nyeupe, ikikutana na kijivu kilichozidi kiwango ilichopewa inasimama. Ule uzi wako ndio pikseli hizo hafifu zilizorukwa. Ukikipandisha kiwango utapata nafuu kidogo, mpaka rangi ipenye kwenye mwanya wa mstari na kuijaza karatasi nzima.

Kwa hiyo iondoe karatasi. Fungua Levels (kirekebishi cha weusi na weupe), sogeza kishikio cha nyeupe kuelekea kushoto hadi madoa ya karatasi yapotee, na cha nyeusi kulia kidogo tu. Kisha nenda kwenye menyu ya Colors, chagua Color to Alpha, na rangi ya kuondoa iwe nyeupe. Hapa ndipo penye utamu: kijivu hakifutwi, kinageuzwa kuwa nyeusi inayoonyesha nyuma, kwa kadiri ya weupe wake. Ulaini wa ukingo unabaki salama.

Sasa funga alfa (uwazi) ya leya hiyo kwa kile kitufe cha miraba midogo kwenye paneli ya leya, kisha buruta bluu yako na kuiangusha juu ya mchoro. Mistari yote inageuka mara moja, na sehemu tupu zinabaki tupu. Rangi za ndani zipake kwenye leya mpya iliyo chini ya mistari. Pitisha brashi hadi chini ya mstari wenyewe, na ule uzi hautakuwa na pa kukaa. (Usisahau kufungua alfa ukimaliza. Wengi huniambia brashi imeharibika, kumbe wanapaka leya tupu iliyofungwa.)

Photoshop, programu nyingine ya picha, haina amri ya Color to Alpha. Huko shikilia Ctrl ubofye kijipicha cha RGB kwenye orodha ya chaneli, geuza uteuzi (eneo lililochaguliwa), kisha ujaze rangi kwenye leya mpya. Ukiwa na haraka na unataka mistari tu, weka leya ya bluu tupu juu ya mchoro na namna yake ya kuchanganyika uiweke Screen: nyeusi inakuwa bluu, nyeupe inabaki nyeupe.

Tuje kwenye maandishi. Mpaka wako unachorwa katikati ya ukingo wa herufi, hivyo mpaka wa pikseli 8 unakula 4 kwa ndani. Kwenye Photoshop, ndani ya Stroke, chagua Outside, basi. Kwenye GIMP bofya kulia leya ya maandishi, chagua Alpha to Selection, kuza uteuzi kwa pikseli 4, tengeneza leya mpya chini ya leya ya maandishi na uijaze rangi ya mpaka. Herufi hazijaguswa, na bado unaweza kuhariri jina. Ila ukibadilisha hata herufi moja, mpaka huo urudie upya.

Mimi mpaka huwa nauacha hadi mwisho. Kwanza nafifisha mchoro nyuma ya jina, halafu nachagua fonti nene zaidi. Mara nyingi jina linasomeka hapo hapo. Mpaka, kivuli na mng'ao vyote kwa pamoja ni vurugu.

Hifadhi kazi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ili leya zibaki. Ya kutuma, PNG. JPEG haihifadhi uwazi, na karatasi uliyohangaika kuiondoa itarudi ikiwa nyeupe.